Pepopunda Si Pepo

Miongoni mwa maradhi yaliyodhulumiwa na majina yake ni pepopunda. Kwa kuwa jina limeanza na "pepo", hutokea jamaa wakadhani mgonjwa wao amepagawa, wakampeleka kupungwa, na huku saa zapita.

Desturi ya msuli ni kukaza na kulegea. Mvuvi ashikapo kasia msuli hukaza, aachiapo hulegea. Katika maradhi haya huko kulegea ndiko kuondokako. Taya hufungamana asiweze mtu kula, shingo na mgongo hukakamaa, na sauti ndogo tu yatosha kumtia mishtuko mikali. Nayo akili yake aghalabu ni timamu, asikia yote yasemwayo.

Asili yake ni kijidudu kikaacho katika udongo na samadi. Huingia kwa jeraha, hata la mwiba au ndoana, kikatoa sumu iizuiayo amri ya mishipa ya fahamu ya kulegeza misuli. Aghalabu dalili hutokea baina ya siku 3 na 21, pengine jeraha limekwisha kupona. Wala hayaambukizi mtu kwa mtu.

Hapa kwetu Mwanza, mwaka 2011 matabibu wa Hospitali ya Bugando walichapisha hesabu ya wagonjwa 102 waliopokewa katika miaka 10. Wakafa 44, na wagonjwa wengi mno walikuwa wanaume. Sababu haifichiki. Mja mzito huchanjwa kliniki, akamkinga na mtoto aliye tumboni. Na mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeyadhibiti maradhi haya kwa wazazi na watoto wachanga. Bali baba, avuaye na alimaye, hana kliniki imwitayo.

Basi yatupasa kuwapeleka watoto chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 bila ya kukatiza, na kina baba wamwulize tabibu chanjo yao. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, lisitiwe udongo wala samadi. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na mtoto atahiriwe kwa vyombo safi hali amekwisha kuchanjwa. Aliyechomwa na kitu kichafu aende hospitali siku ile ile, asingoje taya kufunga. Hata aliyepona hana budi kuchanjwa, kwani maradhi haya hayaachi kinga.

Kumwombea mgonjwa dua ni jambo jema, lakini na isomwe njiani kwenda hospitali.