Pima kwa injini bandia kabla ya kukata chasisi

Ndugu msikilizaji, katika gereji zetu za mjini, zile za chini ya mwembe na zile zenye paa la bati, kuna kazi moja ambayo haiishi, nayo ni ya kuhamisha injini. Mwenye gari ana Land Rover ya zamani. Bodi yake bado nzima, lakini injini yake ya petroli imechoka na inabugia mafuta bila huruma. Basi anakwenda Ilala au Kariakoo, ananunua injini ya dizeli iliyokwisha tumika huko Japani, anaipakia kwenye mkokoteni hadi kwa fundi na kumwambia: "Nifungie hii." Maneno hayo ni mawili tu, lakini kazi yenyewe si ndogo hata kidogo.

Niliwahi kuishuhudia kazi hiyo kwa jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, aliyetumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kuifufua Land Rover yake ili imsaidie kusomba mazao. Injini ilinyanyuliwa kwa mnyororo na kushushwa ndani ya gari. Sampu ikagonga chuma kinachokatiza chasisi. Ikatolewa. Ikarudishwa ikiwa imeinuliwa kidogo, safari hii boneti ikakataa kufunga. Ikatolewa tena, ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva ukakatwa, injini ikasogezwa nyuma. Hapo ndipo ilipoonekana kuwa eksosi inapita palepale panapopita mhimili wa usukani. Kila safari vijana wanne walivuta, walisukuma na kupiga kelele. Safari ya sita, kijana mmoja aliingiza mkono kutafuta tundu la bolti wakati injini ikining'inia. Injini ikayumba. Alirudi kutoka hospitali akiwa amepungukiwa na pingili moja ya kidole.

Land Rover ile ilitoka gereji baada ya miezi miwili, chasisi ikiwa imekatwa na kuungwa kwa kulehemu mahali pawili. Mzee hakuwa tena na fedha ya kununulia matairi.

Ninalotaka kulisema leo ni kwamba kidole kile, na sehemu kubwa ya fedha zile, vilipotea kwa sababu moja tu. Injini yenyewe ilitumika kama rula. Kitu kizito kuliko vyote ndani ya gari kilifanywa kuwa chombo cha kupimia, na kila kosa la kipimo likawa ni kosa la zaidi ya kilo mia mbili.

Je, kuna njia nyingine? Iko. Na wanaoitumia sana ni Wamarekani, ambao nao wana ugonjwa huo huo wa kuhamisha injini. Kule ni mapenzi ya magari ya zamani. Mtu anachukua gari la miaka ya 1930 au 1950 na kulitia injini ya V8 yenye nguvu. Kwa miongo mingi injini waliyoipenda kuliko nyingine ilikuwa ile V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza kutolewa kwa magari ya mwaka 1955. Ikiwa kamili na vifaa vyake, injini hiyo ya chuma hufikia kiasi cha kilo 260. Baadaye ilikuja jamii ya injini za LS, ambayo ya kwanza yake, LS1 ya lita 5.7, ilitiwa katika Chevrolet Corvette ya mwaka 1997. Hiyo ni ya aluminiamu, lakini hata yenyewe hupita kilo 200.

Mafundi wa huko walichoka kunyanyua mizigo hiyo mara kumi kwa gari moja. Ndipo zikaingia sokoni injini bandia. Injini bandia ni umbo la injini lililotengenezwa kwa plastiki au kwa povu gumu la plastiki, lenye ukubwa uleule, kimo kilekile na upana uleule wa injini ya kweli. Ndani yake hamna kitu, si pistoni wala krenki shafti. Haiwaki na haitawaka kamwe. Mtu mmoja anaibeba kwapani, anaiingiza ndani ya gari, anaitazama, anaitoa, anairudisha, bila mnyororo na bila msaidizi.

Msikilizaji anaweza kudhani kuwa hicho ni kichezeo. La hasha. Thamani yake iko kwenye matundu yake. Yale matundu ambako gia boksi hufungwa, ambako mauntini, yaani mabano yenye raba yanayoshikilia injini, hukaa, ambako sampu, eksosi na pampu ya maji hufungwa, yote yamewekwa mahali pake halisi. Kwa hiyo fundi anaweza kuifungia injini bandia sampu ya kweli na eksosi ya kweli, akaona kwa macho yake kama vitapita au havitapita, kabla ya kugusa msumeno. Siku hizi maumbo hayo hupimwa kwa miale ya leza, na wengine huyatoa katika mashine zinazochapa vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka.

Sasa fundi anapima nini? Kwanza anatazama sampu, kwamba isikae juu ya chuma kinachokatiza chasisi, na isigongane na ekseli ya mbele. Pili, usukani, kwamba mhimili wake uwe na nafasi mbali na eksosi. Tatu, feni na rejeta, kwamba zisigusane wala zisiachane mno. Nne, boneti. Tano, ambalo wengi hulisahau, ni mwinamo wa injini. Injini na gia boksi vikikaa kwa mwinamo usiopatana na ule wa difu ya nyuma, viungo vya propela vitafanya kazi kwa taabu, gari litatetemeka, na kila baada ya muda mfupi utarudi dukani kununua kros nyingine.

Injini bandia ikishakaa vizuri, fundi huikata na kuipima mauntini mpya ikiwa imo ndani ya gari, kisha huilehemu kwa nukta chache tu za kuishikiza. Hapo huitoa injini bandia ndipo alehemu kikamilifu. Asipoitoa, moto wa kulehemu utaliyeyusha au kuliunguza povu lile, na moshi wake ni sumu kwa anayeuvuta.

Hata hivyo, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Injini bandia ina udanganyifu wake, na fundi asiyeujua atapotea.

Udanganyifu wa kwanza ni uzito. Gari lisilo na injini limenyanyuka mbele, kwa kuwa springi hazijalemewa. Umbali unaouona kati ya sampu na ekseli siyo utakaokuwapo siku injini ya kweli itakapokaa, abiria wakapanda na gurudumu likaingia shimoni. Katika Land Rover za zamani, ambazo ekseli yake ya mbele ni moja nzima iliyokaa juu ya springi za majani, ekseli hiyo hupanda juu pamoja na difu yake. Dawa yake ni kupakia mifuko ya mchanga mbele ya gari hadi likae lilivyokuwa likikaa, kisha kuinua ekseli kwa jeki hadi inapogota, na kupima hapo.

Udanganyifu wa pili ni utulivu. Injini bandia imetulia kama jiwe, lakini injini ya kweli hucheza juu ya raba zake. Ukikanyaga mafuta kwa ghafula huinama upande. Dizeli, hasa inapowaka na inapozimwa, hutikisika zaidi. Kwa hiyo mahali ambapo injini bandia inapita kwa unene wa kadi ya posta, injini ya kweli itagonga. Acha nafasi ya sentimita mbili hadi tatu kila upande, na zaidi ya hapo karibu na eksosi. Hapa hatuzungumzii makelele tu. Bomba la breki likisuguliwa na chuma kinachotikisika kila siku, hutoboka, na huwa halichagui kutobokea kwenye tambarare.

Udanganyifu wa tatu ni joto. Umbo la plastiki halikuambii kuwa waya ule utaungua au kwamba bomba lile la mafuta liko karibu mno na moto. Hayo ni ya kukumbuka kwa akili.

Ndugu msikilizaji, najua swali lililo mdomoni mwako. Utaniambia kuwa injini bandia za Marekani ni za injini za Kimarekani, na kwamba hata zingekuwapo za kwetu, nani angeagiza plastiki kwa dola ili afunge injini ya mtumba? Ni kweli. Lakini kinachotufaa hapa siyo plastiki yenyewe, ni ile akili iliyoizaa. Na akili hiyo inaweza kufanywa papa hapa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni gamba tupu. Katika kila lundo la vyuma chakavu hapakosi injini iliyopasuka au iliyokatika krenki. Ikitolewa pistoni, krenki shafti, gurudumu zito la nyuma na vyote vilivyomo ndani, linabaki gamba ambalo, kwa injini ya mitungi minne, watu wawili wanalinyanyua bila mnyororo. Gamba hilo, likirudishiwa silinda hedi iliyokufa na sampu yake, ni injini bandia kamili, na matundu yake yote ni ya kweli. Gereji inayofunga injini za namna moja mara kwa mara ingeliweka gamba kama hilo pembeni na kulitumia kwa miaka. Ila jihadhari na jambo moja. Injini ya jina moja iliyotoka kwenye basi dogo na ile iliyotoka kwenye pikapu zinaweza kutofautiana sampu, mauntini na hata mahali pa chujio la oili. Linganisha kwanza.

Njia ya pili ni mbao na makaratasi ya boksi. Fundi wetu tayari anajua kukata gaskiti bila duka: huweka boksi juu ya chuma, akaligonga taratibu kwa nyundo pembezoni mwa kila tundu, na ramani yote ikabaki kwenye karatasi. Afanye vivyo hivyo kwenye uso wa nyuma wa injini, pale inapokutana na gia boksi, kisha ahamishie ramani hiyo kwenye kipande cha plaiwudi na kutoboa matundu. Hapo amepata mgongo wa injini yake bandia. Kuanzia hapo apime kwa kufuata mstari wa katikati wa krenki. Urefu hadi puli ya feni ni kiasi gani? Kimo kwenda juu na kina kwenda chini kwenye sampu? Upana wa kila upande, na mauntini ziko wapi? Afunge fremu ya mbao nyepesi kwa vipimo hivyo. Ni kazi ya siku moja ya seremala.

Wala tusione haya kwa kutumia mbao. Watengenezaji wa ndege za abiria kwa miaka mingi walijenga mifano ya ukubwa kamili, mingi kwa mbao, ili wajue bomba na nyaya zitapita wapi. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994, ndiyo iliyopata sifa ya kuwa ndege ya abiria ya kwanza kubuniwa yote kwa kompyuta, na hata hivyo waliotengeneza walijenga mfano wa sehemu ya pua ili wajihakikishie. Ikiwa wao, wenye kompyuta na michoro yote, walitaka kushika kwa mkono, seuze fundi wetu anayeoanisha gari la Mwingereza na injini ya Mjapani, vitu viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvichorea mchoro mmoja?

Nawageukia sasa wenye magari. Mara nyingi haraka hii ni yenu. Mnampa fundi siku tatu, mnakaa juu ya tairi kuukuu mkimhesabia saa, na mkimwona anapima na boksi mnasema anapoteza wakati. Mlipeni siku hiyo ya kupima. Ni nafuu kuliko chasisi iliyokatwa. Aidha, kumbukeni kuwa kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikishabadilika, fuateni utaratibu wa kuirekebisha kadi, msije mkaonekana wezi siku ya kuuza.

Nanyi mafundi, ninyi ndio mnaoweka vidole hapo. Fundi cherehani hakati kitambaa cha mteja bila kukichora kwanza kwa chaki, na kitambaa akikiharibu kinanunulika kingine. Kidole hakiuzwi Kariakoo.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.