Mtoto Asiyesikia Asingoje Darasa la Kwanza

Wengi wetu wazazi husema, "Atasema tu akikua." Lakini mtoto wa miaka mitatu asiyegeuka anapoitwa anapoteza miaka ile ile ambayo lugha hujengeka upesi.

Hapa Kenya kuna vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto wenye ulemavu, viitwavyo EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Si lazima mtoto awe ameanza shule. Ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu kituo kiko wapi, mwende na mtoto na kadi yake ya kliniki. Mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo atampima, kisha atawaelekeza hospitali, chekechea ya jirani au shule maalum.

Tusimfiche mtoto ndani. Akijifunza ishara mapema, ataweza kuongea nasi.