Daftari la Saa za Kazi Nyumbani

Maofisini na viwandani, mfanyakazi aingiapo kazini hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, na atokapo hutia sahihi tena. Lakini nyumbani, ambako mtumishi hutangulia kuamka na kuchelewa kulala, aghalabu hakuna hata karatasi moja ionyeshayo amefanya kazi kwa saa ngapi. Mwisho wa mwezi ufikapo, mwenye nyumba hukisia, mtumishi hunung'unika, na hakuna awezaye kumthibitishia mwenzake.

Jambo hili lilikwisha kufikiriwa. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, pamoja na Pendekezo Namba 201. Pendekezo hilo linataka saa za kazi, zikiwamo za ziada na zile za kukaa tayari kungojea kuitwa, ziandikwe kwa usahihi, na mfanyakazi awe huru kuyaona maandishi hayo.

Hebu tupige hesabu. Mtumishi aanza kazi saa 12 asubuhi, apumzika tangu saa 8 hadi saa 10 alasiri, kisha amaliza kuosha vyombo saa 3 usiku. Hizo ni saa 13. Kwa siku sita zatimia saa 78. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na hairuhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa juma. Katika nchi zote mbili, saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida.

Basi mtumishi huyo, kwa hesabu ya Bara, ana saa 33 za ziada kila juma, yaani 132 kwa majuma manne. Hapo kulipa peke yake hakutoshi, kwa kuwa kazi yenyewe imepita mpaka wa sheria. Yapasa ipunguzwe: watoto wakubwa waoshe vyombo vya jioni, na baba achelewaye kurudi abebe ufunguo wake.

Daftari la shule lenye kurasa chache latosha. Pigeni mistari, kisha andikeni tarehe, saa ya kuanza, mapumziko na saa ya kumaliza. Pande zote mbili zitie sahihi jioni ile ile, kwani kumbukumbu ya mwisho wa mwezi humpendelea mwenye kuandika. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu amwaminiye, kisha atie dole gumba.

Uaminifu ni wa pande zote. Mtumishi asiandike saa alizokuwa matembezini, wala mwenye nyumba asiite mapumziko zile saa ambazo mtumishi alikaa na mtoto mchanga mapajani. Kosa likionekana, lipigwe mstari mmoja, lisahihishwe pembeni na kutiwa sahihi, ukurasa usichanwe.