Maji ya barafu baada ya mazoezi yamfaa nani?

Jumamosi ulikimbia kilomita 21 ukafika salama. Jumatatu asubuhi unateremka kutoka kwenye matatu umeshika mlango kwa mikono miwili, makanga akikuhimiza uharakishe. Mwenzako ofisini anacheka: "Si ungekaa kwenye maji ya barafu kama wanariadha!" Je, maneno yake yana ukweli?

Wengi hudhani maumivu haya huletwa na asidi inayobaki kwenye misuli. La. Asidi hiyo hutoweka saa moja au mbili tu baada ya mbio. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizoumia kwa kazi zisiyoizoea, hasa kuteremka mlima, pamoja na uvimbe unaofuata. Ndiyo maana siku ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Maji baridi hubana mishipa ya damu na kutia ganzi sehemu inayouma. Mnamo 2012, wataalamu wa shirika la Cochrane walichunguza tafiti 17 zilizohusisha watu 366. Walioingia kwenye maji baridi waliumwa kidogo kuliko waliopumzika tu. Lakini kumbuka: huwezi kumficha mtu kwamba amekaa kwenye barafu, na imani pia hutuliza maumivu.

Ukitaka kujaribu, tumia pipa au beseni kubwa, maji yakufike kiunoni, na utie barafu hadi kipimajoto kionyeshe nyuzijoto kati ya 10 na 15. Dakika 10 zatosha. Kuzidisha baridi hapo ni kujitesa bure.

Je, wewe hunyanyua vyuma ili ujenge misuli? Basi achana na barafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wanaume waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 12. Waliokaa kwenye maji baridi dakika 10 kila baada ya zoezi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao walioendesha baiskeli polepole. Uvimbe unaoukimbia ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujijenga.

Wengine wasijaribu kabisa bila kumwona daktari: wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, selimundu, au kisukari kilichofisha hisia za miguu. Baridi ya ghafla humfanya mtu atwete, moyo ukapiga mbio na shinikizo likapanda. Usiingie peke yako, wala baada ya kunywa pombe.

Kuna hali moja tu ambapo maji baridi hayangoji mjadala. Mkimbiaji akianguka kwa joto, mwili ukiwaka na maneno yake hayaeleweki, mtumbukize hapo hapo kwenye maji baridi, kichwa kikishikiliwa juu, huku mwingine akiita ambulensi. Pasipo na beseni, mmwagieni maji bila kukoma. Msisubiri afike hospitalini ndipo apozwe.