Mstari Mwekundu wa Dhahabu

Je, wajua kwamba ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha mimba, mara nyingi, ni dhahabu? Kipimo hicho ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya dawa ya Kinoo, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Malaria nayo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Kinoo kuna baridi na mbu wa malaria si tatizo kubwa, lakini aliyerudi kutoka Busia au Kisumu akiwa na homa hutobolewa kidole. Ndani ya kipimo mna chembe za dhahabu zilizobebeshwa kingamwili. Kingamwili hizo hunasa homoni ya ujauzito au protini ya kimelea, kisha chembe hurundikana mahali pamoja mpaka jicho likaziona.

Mbona basi si njano? Chembe hizi zina upana wa nanomita 40 hivi. Ukizipanga foleni, 25,000 hujaza milimita moja tu. Katika udogo huo, mwanga ukizipiga, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja, kama maji ya karai linalotikiswa: ukipatia mdundo wake, maji hupanda hadi yakamwagika. Mdundo wa dhahabu unaoana na mwanga wa kijani, wenye mawimbi ya karibu nanomita 520. Kijani humezwa, nasi tunabaki kuona wekundu. Kuyumba huko ndiko wanafizikia wanakokuita plasmoni. Mwanasayansi Michael Faraday alieleza majaribio yake ya dhahabu nyekundu jijini London mwaka 1857, na mwanafizikia Gustav Mie akatoa hesabu za rangi hiyo mwaka 1908.

Mimi huvutiwa zaidi na metali ya fedha, kwa sababu habari yake iko karibu nasi. Matatu za Kinoo zikishuka Waiyaki Way kuelekea mjini hupita karibu na Chiromo, bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi lenye idara ya fizikia. Mwaka 2017, watafiti Otange, Birech, Okonda na Rop, wakiwemo wa idara hiyo, walichapisha utafiti wa kutambua virusi vya Ukimwi katika utegili (plazma) wa damu kwa mwanga wa leza. Kila molekuli hurudisha mwanga wenye alama yake, ila alama hiyo ni hafifu mno. Plasmoni za fedha zinaweza kuikuza, kwa kuukusanya mwanga karibu kabisa na uso wa metali. Na watafiti hawa walitumia nini? Vioo vya kawaida vya maabara vilivyopakwa rojo ya fedha, ile inayopitisha umeme na kutumiwa na mafundi wa elektroniki.

Hiyo ni sayansi ya kiwango cha juu iliyofanywa kwa vifaa vinavyopatikana, na inastahili fedha za utafiti kutoka serikalini. Mwanafunzi wa Kinoo unayependa fizikia, ulizia idara hiyo kabla ya kujaza fomu za chuo.