Upepo Ulioachwa Nje ya Hesabu

Katika daraja la kuning'inia, uzito wote wa njia na wa magari yapitayo juu yake hupandishwa na kamba nyembamba za wima hadi kwenye kamba mbili kuu za chuma, nazo hizo, zikiisha kuvuka vilele vya minara na kuteremka pande zote mbili, hushikwa na majabali ya zege yaliyofukiwa ardhini. Leon Moisseiff, mhandisi aliyesifika mno katika fani hii, alionyesha kwamba kadiri daraja linavyozidi urefu ndivyo kamba zilizolemewa zinavyolituliza zenyewe, hata njia isihitaji mihimili minene. Kwa kuitegemea nadharia hiyo likajengwa daraja la Tacoma Narrows, jimboni Washington, Marekani, lenye mita 853 baina ya minara, upana usiotimia mita 12, na mihimili ya ubavuni yenye kimo cha mita 2.4 tu.

Lilikuwa jembamba, zuri, tena la gharama nafuu. Ila tangu ujenzini njia yake ilikuwa ikipanda na kushuka kama wimbi. Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington aliunda mifano yake midogo akaipuliza upepo, na siku chache kabla ya msiba alikwisha kushauri mihimili ile itobolewe, au ifunikwe kwa bamba la mviringo, ili upepo upite pasipo kukwama. Wasaa haukupatikana. Tarehe 7 Novemba 1940, kwa upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa, ambao si tufani, pingu iliyoshika kamba kuu katikati ya daraja iliteleza, na njia, iliyokuwa ikipanda na kushuka, sasa ikaanza kujisokota, ubavu mmoja juu na wa pili chini. Kila msokoto ukaugeuza mwendo wa upepo, nao upepo ukauongezea nguvu msokoto, hata kabla ya adhuhuri sehemu ya katikati ikaporomoka majini. Hakufa mtu, alikufa mbwa aliyesalia ndani ya gari.

Mimi sioni haki kusema kwamba Moisseiff alikosea hesabu, maana alichokihesabu kilikuwa sahihi: upepo aliuhesabu kuwa msukumo uliotulia, wala si mwenzi wa daraja katika mwendo wake, na hilo wenzake wengi nao hawakuliuliza.

Daraja jipya la Tacoma, lililofunguliwa mwaka 1950, likapewa mihimili ya kimia yenye kimo cha mita 10. Waingereza, katika daraja la Severn la mwaka 1966, walishika njia nyingine, wakatengeneza sakafu ya sanduku bapa la chuma lililochongoka pembeni ili lipasue hewa. Wajapani nao, kabla ya kufungua mwaka 1998 daraja la Akashi Kaikyo lenye mita 1991 baina ya minara, waliunda mfano wake mzima kwa kipimo cha sehemu moja kwa mia, wenye urefu wa mita 40 hivi, wakaupimia upepo ndani ya jengo lililojengwa makusudi. Na katika sakafu ya daraja lenyewe wakaacha nafasi zenye wavu wa chuma, upepo upenye kutoka chini kwenda juu.