Taarifa ya Mgonjwa Isihifadhiwe Nusu

Miaka kadhaa iliyopita nilimlaza wodini mama mmoja mwenye nimonia. Alinieleza kuwa akitumia penisilini hutokwa na vipele na kubanwa na pumzi. Niliandika mzio huo kwenye kompyuta kwa maelezo marefu, nikaagiza dawa ya kundi jingine, kisha nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Usiku daktari wa zamu alilifungua faili: kulazwa kulionekana, dawa ilionekana, ila sehemu ya mzio ilikuwa tupu. Akaongeza ampisilini. Muuguzi alipofika na sindano, mama akamuuliza, "Mwanangu, hiyo ni dawa gani?" Swali hilo ndilo lililomwokoa.

Tunapobonyeza kitufe kimoja, programu huipa kanzidata amri kadhaa: moja ya kuandika kulazwa, nyingine mzio, nyingine dawa. Amri hizo hufungwa pamoja katika muamala mmoja, ili zote zikubaliwe au zote zitanguliwe. Siku ile amri ya mzio ilikataliwa kwa sababu maelezo yangu yalizidi nafasi iliyotengwa.

Kanzidata hazifanani katika kulikabili kosa la namna hiyo. PostgreSQL, inayotumiwa na mfumo wa DHIS2, husitisha muamala mzima na kukataa kila amri inayofuata mpaka muamala utanguliwe, isipokuwa kama mtunzi wa programu aliweka alama ya kurejea kabla ya amri iliyoshindwa. MySQL, kwa makosa mengi ya aina hii, huitangua amri iliyoshindwa peke yake na kuuacha muamala uendelee. Hapo uamuzi ni wa programu. Programu yetu, iliyotungwa na mafundi wa hapo hapo, ililipuuza kosa na kuukamilisha muamala. Mengine yakahifadhiwa, mzio ukapotea.

Katika tiba, pengo kama hilo ni baya kuliko kukosekana kwa faili zima. Faili lisipoonekana, daktari huuliza upya. Sehemu ya mzio ikiwa tupu, huamini kuwa mgonjwa hana mzio.

Wahudumu wenzangu, ujumbe wa hitilafu ukitokea, tusiufunge kabla ya kuusoma. Tunakili maneno yake pamoja na saa. Tusibonyeze kitufe tena na tena. Hata pasipo ujumbe wowote, tulifunge faili, tulifungue upya, na kuhakikisha kuwa kila tulichokiandika kimo. Mzio uandikwe pia kwenye karatasi ya dawa iliyo kitandani. Nao mafundi tuwaombe jambo moja: mzio ukishindwa kuhifadhiwa, agizo la dawa nalo litanguliwe, na daktari aarifiwe papo hapo.

Nawe mgonjwa, taja mzio wako kila unapopewa dawa, hata kama ulikwisha kuueleza mapokezi. Usiogope kuonekana msumbufu. Mama yule aliuliza mara moja tu, na akarudi nyumbani salama.